Mizani 64 Kabla ya Kujibu

Mwanzoni mwa karne ya 19, kama ulikuwa Mombasa na unataka kumjibu mtu wa Lamu, ulikuwa na kazi mbili: kutunga, halafu kusubiri. Miji hii ilikuwa na uhasama mzito. Miaka ya 1810, Mombasa ya akina Mazrui ilishirikiana na Pate kuivamia Lamu, ikachapwa vibaya pale Shela. Kando ya vita hivyo kulikuwa na vingine vya maneno. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alitunga. Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu akajibu. Mashairi yalisafiri baharini, mengine ndani ya vichwa vya watu walioyahifadhi.

Tusidanganyane, hayakuwa maneno matamu. Kejeli zilikuwepo, vitisho pia. Lakini mimi kinachonivutia ni breki zilizokuwa ndani ya kazi yenyewe.

Chukua shairi la tarbia. Kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane huku na nane kule, na vina vya kati na vya mwisho. Yaani ubeti mmoja tu ni mizani 64. Na mara nyingi anayejibu alitarajiwa kufuata bahari ya aliyemchokoza, hata vina vyake. Sasa jaribu kumtukana mtu kwa hasira huku ukihesabu silabi kwa vidole. Hasira inachoka kabla ya ubeti kuisha. Mizani ya shairi ina jina moja na ile ya dukani ya kupimia sukari, na sidhani wazee waliona ajabu. Neno lilipimwa kwanza, ndipo likatolewa.

Baadaye likaja gazeti. Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, likichapwa mara moja kwa mwezi, na wasomaji wakalijaza mashairi. Shaaban Robert ni mmoja wa waliochapishwa humo. Wengine walikuwa watu wa kazi nyingine kabisa, ushairi wakiupenda tu, kama leo mtu anavyopenda mpira au baiskeli. Ukisoma beti zilizokukera, unakaa chini, unatunga, unaenda posta, mhariri anaamua, halafu toleo lingine ndilo hilo, mwezi mwingine. Kufikia hapo umeshajiuliza mara kumi kama jambo lenyewe lilistahili stempu.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo nadharia za mawasiliano sitawapa. Lakini jambo hili nimelijaribu mwenyewe. Tuko kikundi cha wapenzi wa ushairi hapa mjini, na ugomvi wetu hauishi: shairi huru ni shairi au ni insha iliyokatwakatwa? Ni ugomvi wa zamani. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 wakubwa walishalumbana sana. Kuna siku mwenzetu alisema jambo likanichoma. Jibu lilikuwa mdomoni, tamu kabisa. Nikaamua kwanza nilitungie tarbia. Mshororo wa kwanza ulikuja haraka. Wa pili ukagoma. Kwenye wa tatu nikagundua kwamba hoja yake sikuwa na shida nayo. Shida yangu ilikuwa ile sauti aliyoitumia. Basi nikamuuliza swali moja, tukazungumza hadi matatu za mwisho. Angekuwa amenyamazishwa na mimi, nisingemsikia akisema kwamba mizani ilimtisha tangu shuleni, na ndiyo sababu akakimbilia shairi huru.

Hata hivyo kuna hatari upande wa pili. Kujiuliza mara mbili kunaweza kugeuka woga tu uliovaa kanzu ya hekima. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa wa miaka 22, aliandika karatasi ya kuikosoa serikali, Kenya: Twendapi?, akafungwa miaka mitatu. Siamini kwamba hakufikiri. Alijua ni serikali ipi anaiuliza. Huko gerezani akatunga, akiandika kwenye karatasi za chooni, na mashairi hayo yakatoka mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki. Yana vina na mizani. Breki zilikuwepo, na gari likasonga.

Kwa hivyo swali la kujiuliza kabla ya kusema si “nitaonekanaje?” Hilo ni swali la woga. Swali la malenga ni: hili lina uzito wa mizani 64? Likiwa nao, litoe, hata kama litauma. Likiwa halina, liache lilale. Si kila chuki ndogo inahitaji hadhira.

Muyaka alifariki mnamo 1840. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu, hadi miongo ya mwisho ya karne hiyo Mwalimu Sikujua wa Mombasa alipomsaidia Mwingereza William Taylor kuyakusanya. Yakachapwa kitabu mwaka 1940. Karne nzima imepita, na watu bado walikuwa wanajua alichomjibu nani. Sisi tunajibu kwa sekunde tatu, na kufikia Ijumaa hata tuliyejibiwa naye tumemsahau.