Sotoka, Nyumbu na Moto: Jinsi Ikolojia ya Serengeti Ilivyojulikana

Sayansi ya mazingira hufuata kanuni zilezile za sayansi nyingine: kuangalia, kuuliza, kuweka nadharia tete, kutabiri kitakachoonekana endapo nadharia hiyo ni ya kweli, kisha kwenda kukitafuta. Ugumu wake uko kwenye jaribio. Mwanakemia anayetaka kujua kazi ya chumvi fulani huchukua chupa mbili, akaitia katika moja na kuiacha nyingine kama ilivyo. Mwanaikolojia hana Serengeti mbili. Hawezi kuwaondoa nyumbu wote ili aone nyasi zitakuwaje, na hata angeweza, asingeruhusiwa. Hulazimika kusubiri mambo yatokee yenyewe, na yanapotokea awe tayari ana kumbukumbu za hali ilivyokuwa kabla. Katika Afrika Mashariki hakuna mahali ambapo subira hiyo imelipa kuliko kaskazini mwa Tanzania, na kilichoanzisha yote ni ugonjwa wa ng'ombe uitwao sotoka.

Sotoka iliingia Eritrea mwishoni mwa miaka ya 1880, na inaaminika ililetwa na ng'ombe wa jeshi la Italia walioshushwa Massawa. Kufikia 1891 ilikuwa imeshashuka hadi nchi ya Wamasai, na mwaka 1896 ilivuka mto Zambezi kuelekea kusini. Virusi vyake hushambulia wanyama wenye kwato zilizopasuka: ng'ombe, nyati, nyumbu, twiga, ngiri. Ng'ombe waliokufa walikuwa wengi mno, na katika sehemu nyingi ni mmoja tu kati ya kumi aliyesalia. Wamasai, ambao maisha yao yote yalisimama juu ya mifugo, walikumbwa na njaa na ndui kwa wakati mmoja, na kipindi hicho wakakiita Emutai. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria aliyepita Ngorongoro na Serengeti mwaka 1892, aliwakuta watu waliobaki mifupa mitupu.

Athari kwa uoto zilichukua muda mrefu zaidi kutambuliwa. Watu walipopungua, wachache walibaki wa kuchoma nyika. Wanyama walao majani walipokufa, miche haikuwa na wa kuila. Miti ikaota kwa wingi, vichaka vikafunga, mbung'o wakafuata. Sehemu kubwa ya miti mikubwa ambayo watalii wa miaka ya 1950 waliiona kama pori la tangu enzi na enzi ilikuwa kizazi kimoja, kilichochipua baada ya maafa hayo. Hilo peke yake ni onyo kwa yeyote anayedhani hali aliyoikuta ndiyo hali ya asili.

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa 1951, na mabishano juu ya mipaka yake yakazaa hitaji la takwimu. Mwanzoni mwa 1958 Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael walihesabu wanyama kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia. Michael alifariki Januari 1959 ndege hiyo ilipogongana na tai. Hesabu yao ilitoa nyumbu 99,481. Tarakimu hiyo inavutia kwa jinsi ilivyo kamili hadi mnyama mmoja, lakini haikuwa sahihi. Miaka mitatu baadaye hesabu iliyotumia picha zilizopigwa kutoka angani ilipata zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, na hakuna nyumbu wanaozaliana kwa kasi ya namna hiyo. Jicho la mtu aliye ndani ya ndege, mbele ya kundi lililotanda hadi upeo wa macho, daima huhesabu pungufu.

Njia iliyoenea baadaye ni ya sampuli. Ndege huruka kwa mistari sambamba, kwa kimo kisichobadilika, kamera ikitazama chini na kupiga picha kila baada ya umbali fulani. Picha huwekwa mezani, kila nukta nyeusi ikatiwa alama, na jumla hukadiriwa kutokana na eneo lililopigwa picha ikilinganishwa na eneo lote. Faida yake kubwa ni kwamba hutoa pia kiasi cha kosa: badala ya namba moja, msomaji hupewa namba na wigo wake. Mike Norton-Griffiths, aliyefanya kazi Serengeti katika miaka ya 1970, aliandika mwongozo wa kuhesabu wanyama ambao bado unatumika barani Afrika.

Hesabu hizo ziliporudiwa zilifunua jambo lisilotarajiwa. Nyumbu walikuwa takriban 250,000 mwaka 1961. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 walikaribia 440,000. Mwaka 1977 walikuwa zaidi ya milioni 1.3. Nyati nao waliongezeka zaidi ya maradufu kati ya 1965 na 1975. Swali likawa: kwa nini?

Jibu la kwanza lilihusu chanjo. Tangu wakati wa ukoloni idara za mifugo zilikuwa zikichanja ng'ombe dhidi ya sotoka, kwanza kwa chanjo ya Kabete iliyopoozwa kwa kupitisha virusi kwenye miili ya mbuzi, baadaye kwa ile ya Walter Plowright wa Muguga, Kenya, aliyekuza virusi katika seli za figo za ndama. Madhumuni yalikuwa kuokoa ng'ombe. Hakuna nyumbu hata mmoja aliyechomwa sindano. Kabla ya hapo ndama wa nyumbu walikuwa wakifa kila mwaka wakifikisha umri wa miezi saba hivi, kinga waliyoipata kwa mama zao ilipokwisha. Watu wengi waliamini kwamba wanyamapori ndio ghala la sotoka na kwamba ng'ombe huambukizwa nao. Nadharia tete iliyopendekezwa sasa ilikuwa kinyume: ghala ni ng'ombe, na wakichanjwa, ugonjwa utatoweka hata porini.

Inafaa kusema hapa kwamba maabara hiyohiyo ya Muguga ilithibitisha uambukizo wa upande wa pili, kutoka kwa nyumbu kwenda kwa ng'ombe, katika ugonjwa mwingine. Wafugaji wa Kimasai huwatenga ng'ombe na malisho ambako nyumbu wamezalia, wakishikilia kwamba huko kuna ugonjwa unaoua. Mwaka 1960 Plowright na wenzake walivitoa virusi vya homa hiyo ya mafua makali katika damu ya nyumbu. Uchunguzi wa wafugaji ulikuwa sahihi. Maabara iliongeza jina la kisababishi na namna ya kukiona.

Nadharia ya ghala la ng'ombe ilitoa ubashiri unaopimika. Mnyama aliyeugua sotoka akapona hubaki na kingamwili katika damu yake maisha yote, na umri wa nyumbu husomeka kwenye meno. Basi damu na meno vikichukuliwa pamoja huwa kama shajara: vinaonyesha kama ugonjwa ulikuwepo katika miaka ambayo mnyama huyo ameishi. Vipimo vya miaka ya 1960 vilionyesha kwamba nyumbu wakubwa walikuwa na kingamwili, ilhali waliozaliwa baada ya 1963 hawakuwa nazo. Sotoka ilikuwa imeondoka porini bila kufukuzwa huko moja kwa moja.

Hata hivyo, mambo mawili kutokea pamoja hakuthibitishi kwamba moja limesababisha jingine. Mvua za kiangazi nazo ziliongezeka kati ya 1971 na 1976, na mvua huleta nyasi. Pengine nyumbu waliongezeka tu kwa sababu ya malisho? Anthony Sinclair, aliyekulia Tanzania na kufika Serengeti mwaka 1965 akiwa mwanafunzi wa Oxford, alijibu kwa kutumia mnyama ambaye hakuna aliyemshughulikia sana katika mjadala huo. Pundamilia hula nyasi kama nyumbu, huhama nao, huliwa na simba walewale na hunyeshewa na mvua ileile. Tofauti ni kwamba yeye ni wa jamii ya farasi na haugui sotoka. Kama mvua ndiyo chanzo, pundamilia nao wangeongezeka. Hawakuongezeka, waliendelea kuwa karibu 200,000. Isitoshe, nyumbu na nyati walianza kupanda miaka kadhaa kabla ya mvua hizo. Huyo pundamilia ndiye kundi linganishi, ile chupa ya pili ya mwanakemia, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya ni hoja nzuri kuliko zote katika historia ya utafiti wa Serengeti, maana haikugharimu chochote ila kufikiri.

Mvua haikukosa nafasi yake. Baada ya 1977 nyumbu waliacha kuongezeka, na swali likageuka: nini kinawazuia? Wengi wangedhani ni simba na fisi. Simon Mduma, mtafiti Mtanzania, alichunguza mizoga pamoja na wenzake. Mfupa wa paja ukivunjwa, uboho wa mnyama mwenye afya huwa mweupe na mgumu kwa mafuta. Wa mnyama aliyekufa njaa huwa kama uji mwepesi unaopitisha mwanga. Kwa njia hiyo hata mzoga uliokwisha kuliwa na fisi husema kama mnyama alikuwa tayari anakufa kwa njaa. Utafiti wao, uliochapishwa 1999 ukiwa na kumbukumbu za miaka 40, ulionyesha kwamba vifo vingi vilitokana na utapiamlo wa kiangazi. Ukame wa 1993 ulikuwa umeshatoa ushahidi mkali: nyumbu walishuka hadi karibu 900,000.

Matokeo yaliyofuata hayakuwamo katika mawazo ya daktari wa mifugo yeyote. Nyumbu zaidi ya milioni moja hula nyasi nyingi kabla hazijakauka. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 zaidi ya nusu ya hifadhi iliungua kila mwaka. Kadiri nyumbu walivyoongezeka, moto ulikosa kuni, na eneo lililoungua likapungua. Miche ya migunga, ambayo moto huirudisha ardhini kila mwaka, ikapata nafasi ya kurefuka. Picha zilizopigwa tena mahali palepale zilipopigwa miongo ya nyuma zinaonyesha vilima vilivyokuwa vipara vikiwa na miti.

Wapo walioshikilia kwamba tembo, waliokuwa wakiangusha miti mbele ya macho ya watalii, ndio wenye hatia, na kwamba miti ilirudi kwa sababu ujangili uliwapunguza. Holly Dublin alilipima hilo Masai Mara. Aligundua kwamba tembo peke yao hawakutosha kuyafuta mapori. Moto ndio uliofanya kazi hiyo. Lakini pori likishageuka nyika, tembo wanaokula miche wanaweza kuizuia miti isirudi hata moto ukipungua. Sababu iliyoleta hali fulani si lazima iwe ndiyo inayoidumisha. Mwaka 2009 Ricardo Holdo, pamoja na Sinclair na wengine, walizishindanisha nadharia nne, yaani moto, tembo, mvua na ongezeko la hewa ya ukaa, dhidi ya takwimu za zaidi ya miaka 40. Moto ulieleza mabadiliko ya miti kuliko nyingine. Wakakadiria pia kwamba Serengeti, iliyokuwa ikitoa kaboni angani kwa moto wake, sasa inaihifadhi kwenye miti na udongo.

Sotoka ilirudi kwa muda kwa nyati mwaka 1982, ikaonekana mara ya mwisho duniani nchini Kenya mwaka 2001, na 2011 ikatangazwa kuwa imetokomezwa, ugonjwa wa pili baada ya ndui.

Udhaifu mmoja haujaondoka: Serengeti ni moja, na tukio lililotokea mara moja haliwezi kurudiwa. Kilicho karibu zaidi na marudio kiko ng'ambo ya mpaka. Nyumbu wa tambarare za Loita, Narok, nao waliondokewa na sotoka, na mwaka 1977 walikadiriwa kuwa karibu 120,000. Miaka 20 baadaye walikuwa wamebaki robo hivi au pungufu. Idadi ya ng'ombe haikuwa imebadilika kiasi cha kueleza anguko hilo. Kilichobadilika ni ardhi yenyewe: malisho ya mvua walikokuwa wakizalia yalikuwa yamelimwa ngano.