Mtoto Anaumwa, Ila Mtoto Hayupo: Stori ya Wateja wa Siri wa Maduka ya Dawa

Kuna kazi ambayo ukiipatia hakuna anayekujua, na ukiikosea mtaa mzima unakujua kabla ya jioni. Ni kazi ya mteja wa siri. Unaingia dukani kama mnunuzi wa kawaida, unauliza, unalipa, unasepa. Kumbe umetumwa kupima huduma.

Jina la kazi hii lilianza kusikika Marekani miaka ya 1940, mabosi walipotaka kujua wafanyakazi wao wanafanya nini wakigeuza mgongo. Tanzania ilipata uzito kwenye kitu kikubwa kuliko chenji ya bosi: dawa.

Zamani, ukiumwa mbali na hospitali, kimbilio lilikuwa duka la dawa baridi. Kisheria liliuza dawa nyepesi tu, za kutuliza maumivu na kadhalika. Antibayotiki marufuku. Uhalisia? Zilikuwepo, na aliyeuza mara nyingi hakuwa na mafunzo ya maana. Mwaka 2003 serikali kupitia TFDA ikaanza majaribio Ruvuma: duka likaguliwe, mtoa dawa afundishwe, ndipo liitwe Duka la Dawa Muhimu na kuruhusiwa kuuza baadhi ya antibayotiki kihalali. Mfumo ukasambaa, na Rukwa ilikuwa kati ya mikoa ya mwanzo kuupata.

Sasa utajuaje kama mafunzo yameingia? Ukienda na kitambulisho shingoni, kila muuzaji anageuka malaika. Ndiyo maana tathmini za Ruvuma ziliwatumia wateja wa siri. Stori yao ilikuwa rahisi: mtoto yuko nyumbani, ana homa, naomba dawa. Halafu unatega sikio. Ameuliza umri? Ameuliza dalili za hatari? Ameeleza dozi, au ametupa vidonge kwenye bahasha na kusema "asubuhi na jioni"? Kwa mtoto mwenye malaria, hapo ndipo penye uhai na kifo.

Ipeleke kazi hiyo Sumbawanga uone. Mji uko juu kwenye uwanda wa Ufipa, baridi yake si ya mchezo, na jina lake hutafsiriwa "tupa uchawi": mgeni, ulichokificha kiache nje. Sasa wewe unaingia na siri mfukoni.

Ukiwa mtu wa Dar, lafudhi inakuchoma kabla hujamaliza salamu. Umefikia wapi? Mtoto mgonjwa umemwacha na nani? Simu moja tu, na maduka yote ya jirani yanajua kuna dada anazunguka na mtoto asiyeonekana. Basi achukuliwe mwenyeji? Mwenyeji ndiyo balaa zaidi. Mtoa dawa anasali na shangazi yake, na anajua fika hana mtoto.

Ukishuka bondeni kuelekea Ziwa Rukwa, au upande wa Kirando kwenye Ziwa Tanganyika, joto linapanda na malaria nayo inapanda. Kijijini hakuna kujificha kwenye foleni: umeshuka kwenye bodaboda, watoto wamekuzunguka, na duka la dawa huenda ni hilo hilo moja.

Kuandika mbele ya muuzaji haiwezekani. Kila kitu kichwani, mpaka ukate kona ndipo utoe karatasi. Duka la kwanza unakumbuka mpaka rangi ya bahasha. La tano, bei zimeshachanganyikana na za la tatu.

Na kuna dhamira. Yule unayemwita "dokta" ameacha wateja wengine akusikilize, amekuonea huruma, amekupa pole ya mtoto. Unamdanganya usoni. Pengine dozi uliyonunua ndiyo ilikuwa ya mwisho kwenye shelfu, na nyuma yako kuna mama mwenye mtoto wa kweli anayechemka mgongoni.

Ila kinachomshinda kabisa mteja wa siri si muuzaji mbovu. Mbovu anauza chapchap na ushahidi unabaki mkononi. Kazi ni kwa yule mzuri, anayeuliza maswali mpaka hadithi inaisha, kisha anairudisha noti juu ya kaunta.

"Siwezi kukupa dawa bila kumwona, mama. Nenda kamlete. Nakusubiri, sifungi."