Laos na Njia Yake ya Maji

Laos ndiyo nchi pekee ya kusini-mashariki mwa Asia isiyopakana na bahari, na kwa kuwa haina bandari wala pwani, njia yake kuu tangu kale imekuwa mto Mekong. Basi mwenye azma ya kuifahamu tarikhi yake hana budi aanze na tabia ya mto huo.

Mwaka 1353 Fa Ngum aliasisi dola ya Lan Xang, yaani Ndovu Milioni, na makao yake yakawa katika mji uitwao leo Luang Prabang. Mfanyabiashara Mholanzi, Gerrit van Wuysthoff, alipanda mto kutoka Kambodia mwaka 1641, akafika Vientiane, ambako mfalme Souligna Vongsa alimpokea kwa taadhima.

Wafaransa walitumai kwamba maji hayo yangewafikisha Uchina. Lakini msafara wa Doudart de Lagrée na Francis Garnier, uliotoka Saigon mwaka 1866, ulikuta maporomoko ya Khone, ambayo hakuna chombo kiwezacho kuyapanda. Walipoitwaa nchi mwaka 1893, walilaza reli kisiwani Don Khon ili mashua zao za mizinga zivushwe kwa nchi kavu, na hata baada ya jitihada hizo safari ya Saigon hadi Luang Prabang ilichukua muda mrefu kuliko ya meli kwenda Ufaransa. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ilipo asili ya utulivu wa nchi hii. Si uvivu wa wenyeji, kama wakoloni walivyopenda kunena.

Ufalme uliondoshwa Desemba 1975, lakini alfajiri ya Luang Prabang ingali vilevile: akina mama hupiga magoti juu ya mikeka, kila mmoja na kikapu chake cha wali wa kunata, nao watawa, peku, hupita kwa safu pasipo neno, wakitiliwa tonge katika bakuli zao.

Tangu Desemba 2021 garimoshi hutoka Vientiane na kufika huko kwa muda wa saa mbili hivi. Hata hivyo mashua ndefu ishukayo mto kutoka mji wa Huay Xai hadi Luang Prabang haijaachwa. Safari yake ni ya siku mbili, na kwa kuwa gizani miamba haionekani, jioni nahodha huifunga kwa kamba ukingoni Pakbeng, abiria wakapanda mjini kutafuta malazi.