Saa ya setilaiti hupimwa kwa jua, si kwa mishale ya ukutani

SAA rasmi jijini Nairobi zinapotimu sita kamili mchana, jua huwa bado halijafika kileleni. Kwa wastani hufika takriban dakika 33 baadaye. Saa ya Kenya hufuata longitudo ya digrii 45 mashariki, ilhali Nairobi iko karibu na digrii 37, na kila digrii moja ni sawa na dakika nne.

Kwa raia wa kawaida tofauti hiyo si kitu. Kwa wataalamu wanaoongoza setilaiti za kuchunguza ardhi na hewa, saa ya jua ndiyo saa yenyewe. Swali lao ni moja: setilaiti inapovuka Ikweta, pale chini yake jua limefika wapi?

Setilaiti ya Terra, iliyorushwa na shirika la NASA la Marekani Desemba 1999, ilipangiwa kuvuka Ikweta saa nne na nusu asubuhi, iwe juu ya Kenya, Kongo au Brazil. Mswahili, aliyezoea kuhesabu saa tangu mapambazuko, hana haja ya kufafanuliwa sana hapo. Jua linalotumiwa katika hesabu hii, hata hivyo, ni la wastani, kwa kuwa jua halisi halina nidhamu: mapema Novemba hutangulia kwa dakika 16 hivi.

Kinachoifanya setilaiti itunze miadi hiyo ni umbo la dunia. Dunia imevimba kiunoni, na uvimbe huo huivuta njia ya setilaiti na kuigeuza polepole. Njia ikiinama kwa digrii 98 hivi, kwa kimo cha kilomita 705, hugeuka karibu digrii moja kwa siku, sawasawa na mwendo wa dunia kulizunguka jua. Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyorushwa Aprili 15, 2023, iliwekwa katika njia ya aina hiyo.

Hata hivyo, mvuto wa jua na mwezi huuharibu mwinamo huo, na kuurekebisha kwahitaji mafuta. Terra ilifanyiwa marekebisho ya mwisho mwaka wa 2020. Kufikia Oktoba 2022 ilikuwa ikivuka saa nne na robo.

Robo saa ni kidogo. Setilaiti za zamani za hali ya hewa za Marekani, ambazo hazikuwa na injini za kujirekebisha, zilichelewa kwa saa kadhaa. Chombo kilichoanza kupima joto saa nane mchana kiliishia kulipima jioni, wakati hewa imepoa. Asiyerekebisha hesabu angedhani dunia ndiyo inayopoa.

Jambo hilo lilizua mvutano mkubwa. Takwimu za Chuo Kikuu cha Alabama, Huntsville, zilionyesha kuwa tabaka la chini la hewa halikuwa likipata joto kwa kasi iliyotarajiwa. Agosti 2005, Carl Mears na Frank Wentz wa kampuni ya Remote Sensing Systems, California, walieleza katika jarida la Science kwamba marekebisho ya saa yaliyofanywa Alabama yalielekezwa upande usiofaa. Watafiti wa Alabama walikubali kosa, na kiwango chao cha ongezeko la joto kikapanda kutoka digrii 0.09 hadi 0.12 kwa kila mwongo.