Miraa: Umbali na saa za safari kutoka Nairobi hadi London na Mogadishu

KWA mkulima wa Mikinduri, katika eneo la Tigania, Kaunti ya Meru, umbali haupimwi kwa kilomita pekee bali kwa saa. Miraa ikishachumwa, kemikali ya kathinoni, ambayo ndiyo humpa mlaji stimu, huanza kupungua nguvu, na baada ya takriban saa 48 zao hilo hupoteza thamani yake sokoni. Ndiyo sababu vibunda hufungwa kwa majani ya migomba ili visinyauke, na magari ya kuvibeba huendeshwa kwa kasi.

Kutoka Mikinduri hadi Nairobi ni takriban kilomita 250 kwa barabara, safari ya saa tano hivi. Kutoka Nairobi hadi London ni karibu kilomita 6,840 angani, zikipimwa kwa mstari mfupi zaidi juu ya uso wa dunia.

Ndege kubwa ya abiria hupaa kwa kasi ya takriban kilomita 900 kwa saa. Ukigawanya, utapata saa saba na nusu. Hata hivyo, safari huchukua saa nane na nusu hadi tisa kwa kuwa ndege huhitaji muda wa kupaa na kutua, hukabiliana na upepo, na aghalabu haifuati mstari ulionyooka. Kwa mfano, anga ya Sudan ilipofungwa kutokana na vita vilivyozuka Aprili 2023, ndege zililazimika kuizunguka.

Saa za London ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu majira ya baridi, na saa mbili majira ya joto.

Kwa hesabu hiyo, miraa iliyochumwa alfajiri ingetumia saa 14 barabarani na angani. Zilisalia saa 34 za kuipanga, kuikagua na kuisambaza kwa wateja. Umbali, basi, haukuwa kizuizi.

Kilichofunga soko hilo ni sheria. Uholanzi ilitangaza marufuku mwaka 2012, nayo Uingereza ikaipiga miraa marufuku kuanzia Juni 24, 2014, licha ya baraza lake la ushauri kuhusu dawa za kulevya kupendekeza mwaka 2013 kwamba isipigwe marufuku. Msafiri anayepatikana nayo huko sasa anaweza kushtakiwa.

Macho ya wakulima yakabakia Mogadishu, umbali wa takriban kilomita 1,010 kutoka Nairobi. Ndege ya jeti hufika kwa muda wa saa moja na nusu hivi, na saa za miji hiyo miwili ni zile zile. Lakini hata ukaribu huo haukuwa kinga: Somalia ilisimamisha uagizaji wa miraa Machi 2020, na biashara hiyo haikurejea hadi Julai 2022.

Kwa wanaosafiri mbali zaidi, Kenya Airways ilizindua safari za moja kwa moja hadi New York Oktoba 28, 2018. Safari hiyo ya zaidi ya kilomita 11,800 huchukua karibu saa 15 kwenda na 14 kurudi, kwani pepo za angani huvuma kuelekea mashariki. Marekani pia hairuhusu miraa.