Mkrismasi: mgeni wa Bukini anayetaka nafasi

Wadau, Desemba ikifika Dar inawaka nyekundu. Ni mkrismasi huo, na ukiuliza utaambiwa ni mti wetu wa tangu enzi na enzi. Sio kweli. Kwao ni misitu ya Madagaska, Bukini kama wazee walivyoiita. Miaka ya 1820 mtaalamu wa mimea Wenceslas Bojer aliukuta huko, na mwaka 1829 ukatangazwa kwa wataalamu wa Uingereza. Toka hapo ukasambaa nchi za joto, zaidi kwa sababu ya urembo wake.

Sasa nani aliupata uani kwake? Waingereza waliigawa Dar kanda tatu, ndio tukapata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uzunguni, mfano Oysterbay, ilikuwa nyumba moja na bustani kubwa kuizunguka. Uswahilini ilikuwa nyumba ya vyumba sita, wapangaji wamejaa, ua kidogo nyuma. Pakipatikana nafasi ya mti, mtu anataka mwembe au mwarobaini: ale, ajitibu. Mti wa maua tu ulikuwa anasa ya mwenye eneo.

Leo waliohamia Bunju, Mbweni, Chamazi au Toangoma wana viwanja vyao, na wengi wanautaka. Kuuotesha sio kazi. Mbegu ina ganda gumu, hivyo iloweke kwenye maji ya moto usiku kucha, kisha ipande kwenye kiriba. Unataka jua la kutosha na subira, maana maua ya kwanza yanaweza kuchukua miaka mitano, hata kumi.

Tatizo ni mizizi. Inatambaa juujuu, inapasua sakafu ya nje, ukuta na karo la choo. Mti ukae mbali na nyumba, mita kumi hivi. Kwenye kiwanja cha ishirini kwa ishirini chenye nyumba, hizo mita kumi utazitoa wapi? Ndio maana ingine inakatwa ikishakua, shoka linalipa kosa la aliyepanda.

Kwa hiyo jamani, mahali pake ni uwanja wa shule, wa msikiti, wa kanisa, na yale maeneo ya wazi ya mtaa ambayo kila siku yanamegwa. Siku kikao cha mtaa kikiitwa kujadili eneo la wazi, nenda. Na mche wako kwenye kiriba beba.