Waliomtangulia Daktari

Historia ya hospitali ndogo za Tanzania huandikwa kwa majina ya madaktari. Lulindi, huko Masasi, inakumbukwa kwa Leader Stirling, Mwingereza aliyefika mwaka 1935 chini ya misheni ya Kianglikana ya UMCA, akafanya upasuaji katika jengo la miti na udongo, na miaka 40 baadaye akawa Waziri wa Afya katika serikali ya Nyerere. Maisha hayo yanastahili kusimuliwa, na mwenyewe aliyasimulia vitabuni. Lakini nani aliosha vidonda, akachoma sindano, akakesha na mgonjwa wa homa na kumzalisha mama wakati daktari yuko safarini? Hapo tunakutana na watu wasiotajwa majina: dresa, muuguzi, mkunga, mganga msaidizi. Ninadai kwamba hao ndio walioifanya hospitali ya wilaya iwe hospitali, ingawa mara nyingi walihesabiwa kuwa watu wa kushikilia nafasi tu hadi daktari apatikane. Daktari alichelewa kwa miongo kadhaa, na milango haikufungwa.

Chanzo cha kada ya dresa kilikuwa ugonjwa wa buba. Miaka ya 1920 ilipoingia sindano za kutibu buba, vidonda vilivyomsumbua mtu kwa muda mrefu vilianza kukauka baada ya dozi chache, na watu wakamiminika kuitafuta sindano hiyo kuliko walivyowahi kutafuta dawa yoyote ya wazungu. Madaktari wachache wa serikali ya Kiingereza wasingeweza kuukabili umati ule. Basi utawala ukatumia mamlaka za wenyeji zilizowekwa chini ya machifu: hazina zao zikajenga zahanati na kulipa mishahara ya vijana waliopata mafunzo mafupi katika hospitali ya wilaya kisha kurudishwa kwao. Huyo ndiye dresa. Aliruhusiwa kufunga vidonda na kutoa dawa chache, kwinini ikiwa mojawapo, na aliyemzidi uwezo alimpeleka mbele. Fedha ilitoka katika kodi ya wakulima wenyewe, jambo linalosahaulika upesi pale zahanati hizo zinapotajwa kama zawadi ya mkoloni. Kwenye misheni hali haikutofautiana sana. Wauguzi walitangulia kufanya kazi katika dayosisi ya Masasi kabla Stirling hajafika, na yeye mwenyewe ilimbidi afundishe wauguzi wenyeji, kwani bila wao chumba cha upasuaji kisingefanya kazi hata siku moja. Tena ndugu wa mgonjwa walipika uani, wakamwogesha, wakalala chini ya kitanda chake. Bajeti ya hospitali haikuwahi kuihesabu kazi hiyo, nayo haihesabiwi hadi leo.

Kuna pingamizi zito hapa, na anayelitoa hana nia mbaya. Atasema kwamba dresa alikuwa matokeo ya ubahili: mkoloni hakutaka kugharimia madaktari Waafrika, akawapa wanavijiji tiba ya daraja la pili, na kumsifu dresa leo ni kuusifu ubahili ule. Sehemu ya kwanza ni kweli tupu. Tanganyika haikuwa na chuo cha kufundisha madaktari hadi mwaka 1963. Kabla ya hapo wachache walipelekwa Makerere au ng'ambo, na wakati wa uhuru madaktari wazalendo walikuwa wa kuhesabika. Ila kazi haiwi duni kwa sababu aliyeianzisha alikuwa bahili. Angalieni serikali huru ilichagua nini ilipokuwa na hiari ya kuchagua. Tume ya mtaalamu Mwingereza Richard Titmuss, katika ripoti yake ya mwaka 1964, ilisisitiza huduma za vijijini. Ifakara, karibu na hospitali ya misheni ya Mtakatifu Fransisko, kituo cha kufundisha watumishi wa afya vijijini kilikuwa kimekwishafunguliwa mwaka 1961 kwa msaada wa Waswisi wa Basel. Miaka ya 1970 chama tawala, TANU, kilipoamua kuelekeza nguvu vijijini, lengo likawa zahanati moja kwa watu 10,000 na kituo cha afya kwa watu 50,000. Waliokusudiwa kuziendesha zahanati walikuwa waganga wasaidizi wa vijijini waliosomeshwa miaka mitatu. Baadhi ya hospitali za misheni zikafanywa hospitali teule za wilaya: kanisa likabaki mmiliki, serikali ikachangia mishahara na gharama za uendeshaji. Dresa wa mkoloni alirudi kwa jina jingine, akiwa na elimu zaidi.

Swali la ubora linabaki, na halijibiwi kwa hisia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania ulionyesha kwamba miongoni mwa waliolazwa na kutibiwa kama wagonjwa wa malaria kali, chini ya nusu walikutwa na vimelea kwenye damu. Ni aibu, na watetezi wa kada hizi wasiifiche. Lakini kosa lenyewe lilitokana na mazoea ya kuiita kila homa malaria na kutoyaamini majibu ya maabara, na mazoea hayo hayaponi kwa cheti kikubwa zaidi. Penye kisu ushahidi unaelekea upande mwingine. Utafiti wa mwaka 2009 katika hospitali za Mwanza na Kigoma uliwalinganisha madaktari wasaidizi, yaani waganga wasaidizi waliopanda ngazi kwa mafunzo zaidi, na madaktari kamili katika upasuaji wa dharura wa uzazi. Zaidi ya wanawake wanane kati ya kila kumi walipasuliwa na madaktari wasaidizi, na matokeo ya makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa kiasi cha maana.

Wapo wanaosema kwamba watu hawa walibaki wilayani kwa sababu ya wito. Mimi naona sababu kavu zaidi. Cheti cha daktari msaidizi hakikutambuliwa nje ya nchi, kwa hiyo London na Gaborone, ambako daktari mwenye shahada angeweza kupata kazi, zilikuwa zimefungwa kwake. Hata ndani ya nchi, kwa wengi ngazi ya kupanda ilikuwa fupi: kutoka mganga msaidizi hadi daktari msaidizi, pengine mganga mfawidhi, kisha basi. Hospitali ya wilaya ilinufaika na mlango huo uliofungwa, na katika mjadala wa mishahara na vyeo vya kada hizi ni mara chache anayekaa upande wa serikali anakiri hivyo.